Injini Ngeni, Gari la Zamani: Kwa Nini Moshi Wake Hukataliwa?



Mada niliyopewa leo yaonekana kuwa ya gereji, si ya ukumbi kama huu. Ni habari ya gari lililobadilishwa injini. Gari hilo lawaka mara moja, lapanda mlima bila kusita, na mwenyewe hulisifu mbele za watu. Lakini linapofikishwa mahali pa kupimia moshi, linakataliwa. Mwenye gari hurudi akinung'unika kwamba mashine ya kupimia ni mbovu, au kwamba mpimaji hampendi. Fundi naye huanza kubahatisha: leo plagi, kesho sensa, keshokutwa bomba zima la moshi. Fedha zakwisha, na moshi haubadiliki.

Napenda tuelewane tangu mwanzo juu ya jambo moja, maana mengine yote nitakayoyasema yatatoka humo. Gari la namna hiyo mara nyingi halina ugonjwa wa ajabu. Injini imehamishwa, lakini baadhi ya viungo vilivyokuwa vikiitumikia vimebaki katika gari ilimotolewa. Kwa hiyo kutafuta ubovu wake ni kutafuta kilichoachwa nyuma. Fundi anayelielewa hilo hafanyi kazi kwa ramli.

SOMO LA CALIFORNIA

Nitachukua mfano wa jimbo la California, nchini Marekani, kwa sababu huko jambo hili limewekewa sheria na vipimo kwa miaka mingi, na huko pia watu wanapenda sana kubadilisha injini za magari.

Mwezi Julai 1943 wakazi wa mji wa Los Angeles walijikuta ndani ya ukungu mchungu uliowatoa machozi na kuwabana vifua. Vita Kuu ya Pili ilikuwa ikiendelea, na baadhi yao walidhani mji umeshambuliwa kwa gesi ya sumu. Baadaye lawama zikaelekezwa kwa viwanda. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 ndipo mwanakemia Arie Haagen-Smit, wa Taasisi ya Teknolojia ya California, alipoonyesha kwamba mvuke wa petroli isiyoungua na oksaidi za naitrojeni, vikipigwa na jua kali, huzaa gesi ya ozoni inayochoma macho na mapafu. Na vitu hivyo viwili vilikuwa vikitoka kwa wingi katika magari ya wananchi wenyewe. Adui aliyetafutwa nje alikuwa ameegeshwa mlangoni.

Jimbo hilo liliunda bodi ya kulinda hewa mwaka 1967. Kuanzia magari ya mwaka 1975, sehemu kubwa ya magari mapya ya Marekani yaliwekwa chombo cha kusafisha moshi ndani ya bomba la ekzosi. Mafundi wetu hukiita masega, kwa kuwa ndani yake kina vijitundu vingi kama sega la nyuki. Mwaka 1984 California ikaanzisha upimaji wa moshi ujulikanao kama Smog Check, na hadi leo magari mengi ya petroli ya mwaka 1976 na kuendelea hupimwa kila baada ya miaka miwili.

Sheria ya huko haimkatazi mtu kubadilisha injini. Inamwekea masharti. Injini inayoingia isiwe ya mwaka wa nyuma kuliko gari. Iwe ya daraja lile lile la magari: injini ya lori zito haitiwi katika gari dogo, hata kama ukubwa wake kwa lita ni ule ule. Injini za mitambo ya viwandani haziruhusiwi kabisa. Na lililo kubwa zaidi, injini ije na vifaa vyake vyote vya kudhibiti moshi. Kama inaongozwa na kompyuta, basi kompyuta hiyo, nyaya zake, sensa zake na hata taa yake ya tahadhari mbele ya dereva vifungwe na vifanye kazi. Mkaguzi maalumu, aitwaye Referee, hulikagua gari na kubandika lebo kwenye fremu ya mlango, ili kila atakayelipima baadaye ajue injini iliyomo ni ipi na vifaa vinavyotakiwa ni vipi.

Mtu aweza kuona masharti hayo kuwa ya kumsumbua mwananchi. Tukitazama injini inavyofanya kazi, tutaona kwamba sheria hiyo imeandika tu matakwa ya injini yenyewe.

SUMU TATU NA MAANA YAKE

Katika upimaji wa magari ya zamani huko California, gari hupandishwa juu ya rola za chuma na kuendeshwa papo hapo likiwa limetiwa mzigo, kwanza kwa mwendo wa kilomita 24 hivi kwa saa, halafu kilomita 40 hivi. Bomba la mashine huingizwa katika ekzosi na kusoma gesi zinazotoka. Gesi tatu ndizo zinazoweza kulikatalisha gari. Karatasi ya matokeo isitupwe kwa hasira, maana inaeleza ugonjwa kwa lugha iliyo wazi kwa aliyejifunza kuisoma.

Gesi ya kwanza ni monoksaidi ya kaboni. Hii hutokea pale petroli inapokuwa nyingi kuliko hewa ya kuiunguza. Kiasi sahihi ni sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli, kwa uzito. Ikizidi petroli, moto hukosa oksijeni ya kutosha, na kaboni hutoka ikiwa imeungua nusu. Karatasi ikionyesha gesi hii kuwa juu, fundi aulize: ni nani anayeiambia injini iongeze petroli?

Ya pili ni haidrokaboni, yaani petroli iliyotoka bila kuungua. Ikipanda pamoja na monoksaidi ya kaboni, tatizo ni lile lile la petroli kuzidi. Lakini ikipanda peke yake, huku oksijeni ikiwa nyingi katika moshi, maana yake silinda mojawapo inakosa kuwaka. Plagi haitoi cheche, au waya wake umechoka, au vali haifungi vizuri, au hewa ni nyingi mno hata moto haushiki.

Ya tatu ni oksaidi za naitrojeni. Hizi ni zao la joto kali. Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa sehemu kubwa, na kwa kawaida gesi hiyo haijishughulishi na lolote. Lakini joto ndani ya silinda likipita kiasi, hulazimika kuungana na oksijeni. Gesi hii ikizidi, fundi atafute kinachoiunguza injini: petroli kupungua, cheche kuwahi kuliko inavyotakiwa, rejeta iliyoziba, au kukosekana kwa vali inayorudisha moshi kidogo ndani ya silinda ili kupoza moto. Vali hii ni miongoni mwa vifaa vinavyosahauliwa sana wakati wa kuhamisha injini, kwa sababu gari hutembea bila hiyo na dereva asione tofauti.

Na zikiwa juu zote tatu kwa pamoja, ingawa injini yenyewe yafanya kazi vizuri, ndipo masega yashukiwe. Si kabla ya hapo. Masega ni chombo cha mwisho katika safari ya moshi. Yakifa, mara nyingi yameuawa na kosa lililotokea mbele yake. Anayenunua masega mapya bila kulitafuta kosa hilo atayaua na hayo pia.

NINI HUACHWA NYUMA?

Sasa tuchukue gari moja. Ni pikapu ya Toyota ya mwaka 1988, iliyotoka kiwandani na injini ya silinda 4 ya lita 2.4, ile iitwayo 22R-E. Mwenyewe ameona haina nguvu, akaitoa, akaweka injini ya silinda 6 ya lita 3.4, 5VZ-FE, iliyotoka katika gari la mwaka 1996 au baadaye. Hii ni injini inayojulikana hata kwetu, kwani imo katika Prado nyingi zinazopita barabarani. Kwa umri injini ni mpya kuliko gari, kwa hiyo sharti hilo limetimia. Hata hivyo pikapu imekataliwa. Tuanzie wapi?

Kwanza, tutazame maungio ya bomba la moshi. Injini mpya ni pana kuliko ya zamani, hivyo bomba limekatwa na kuungwa upya. Kama pana ufa mdogo kabla ya sensa ya oksijeni, hewa ya nje hunyonywa ndani kila moshi unapopita kwa mapigo. Sensa huona oksijeni nyingi na kuitaarifu kompyuta kwamba petroli haitoshi. Kompyuta, kwa utii wake wote, huongeza petroli. Monoksaidi ya kaboni hupanda, na mwenye gari huambiwa kompyuta imekufa, kumbe imetii habari ya uongo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta wenyewe hapa ni masega yatakayoungua kwa petroli inayomwagiwa humo.

Pili, tutazame mahali yalipofungwa masega. Chombo hiki hakifanyi kazi kikiwa baridi. Huanza kusafisha kinapofikia joto la nyuzi za sentigredi 250 hadi 300 hivi. Aliyeunga bomba akiyasukuma nyuma chini ya bodi kwa sababu huko ndiko kwenye nafasi, moshi utafika umekwisha kupoa. Masega yatakuwa mazima, lakini yamelala.

Tatu, tutazame joto la injini. Katika nchi za joto kama zetu mafundi wengi huitoa thermostati na kuitupa, wakidhani wanaizuia injini isichemke. Injini inayoongozwa na kompyuta hudhurika kwa tendo hilo. Sensa ya joto la maji ikisema maji bado ni ya baridi, kompyuta hudhani ni alfajiri siku nzima, nayo huendelea kumwaga petroli ya kuwashia. Sensa hiyo ikifungwa mahali pengine ambapo maji hayazunguki vizuri, matokeo ni yale yale.

Nne, tutazame nyaya. Injini ya silinda 4 iliyotolewa ilikuwa na mahitaji machache. Hii mpya inahitaji sensa mbili za oksijeni, moja mbele ya masega ya kuiongoza petroli, na moja nyuma yake ya kuyachunguza masega yenyewe. Inahitaji pia kujua mwendo wa gari, na habari hiyo hutoka katika giaboksi. Giaboksi ya zamani ikiachwa bila kupatanishwa na kompyuta mpya, kompyuta huweza kuamini kwamba gari limesimama wakati linakwenda kilomita 80 kwa saa. Haitafanya majaribio yake ya ndani, na mpimaji atakapoiuliza itajibu kwamba haijawa tayari.

Tano, tutazame tangi la petroli. Tangi nalo hutoa sumu, kwa mvuke. Gari la kisasa huunasa mvuke huo katika kopo la makaa na kuurudisha injini ikauchoma. Aliyehamisha injini bila kuhamisha kopo, vali na mabomba yake ameacha mlango wazi, na kompyuta inaujua mlango huo.

Hayo ndiyo matano yanayopasa kukaguliwa kabla ya kununua kifaa chochote. Kwa sehemu kubwa yahitaji macho, taa, karatasi ya mchoro wa nyaya, na saa mbili za utulivu.

UTARATIBU WA KUTAFUTA UBOVU

Baada ya macho, zifuate ala. Chombo cha kusomea kompyuta ya gari si mwamuzi. Kikionyesha kosa la sensa ya oksijeni, hakisemi sensa ni mbovu. Kinasema habari inayotoka upande huo haieleweki. Yaweza kuwa sensa, waya, ufa wa bomba au petroli yenyewe.

Kwa hiyo fundi asome mwenendo wakati injini inanguruma na imepata joto. Katika injini nyingi za miaka ile, sensa ya mbele hupanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9, tena na tena, kwa kuwa kompyuta inaongeza na kupunguza petroli bila kukoma. Ikiganda juu, petroli imezidi. Ikiganda chini, kuna hewa ya ziada au ufa. Sensa ya nyuma, kwa upande wake, yapasa kutulia. Ikicheza sawasawa na ya mbele, ndipo tunapoweza kusema kwa haki kwamba masega yamechoka.

Kisha arekebishe jambo moja, apime tena, aandike matokeo. Walimu mliomo humu mnaitambua kanuni hiyo, maana ndiyo mnayoifundisha katika maabara: badili kitu kimoja, vingine viache vilivyo. Anayebadilisha vitu vitano kwa mara moja, hata gari likipona, hatajua lililoponya ni lipi, na mwakani ataanza upya.

Hapa sina budi kuutaja ujanja unaopendwa sana. Baadhi ya watu hufuta makosa katika kompyuta, au huvua waya wa betri asubuhi ya siku ya kupimwa, ili taa ya tahadhari izimike. Lakini kompyuta iliyofutwa husahau pia kwamba imekwisha jipima. Tangu mwaka 2015 magari ya petroli ya California ya mwaka 2000 na kuendelea hupimwa kwa kuulizwa kompyuta zao, na ikionekana kwamba majaribio hayajakamilika, gari hurudishwa likatembee kwanza. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

YATUHUSUJE SISI?

Ndugu zangu, huenda mmoja wenu ananiuliza moyoni: sisi na California tuna nini? Jibu ni kwamba tunaendesha magari yale yale. Mengi yanayoteremshwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa yamekwisha tumika Japani. Injini kuukuu huuzwa katika maduka ya vipuri ya Kariakoo na ya Kirinyaga Road, Nairobi. Nyingi hufika zikiwa na nyaya zilizokatwa, kana kwamba nyaya ni kamba tu ya kufungia mzigo. Mnunuzi hupewa injini, akaachiwa kubahatisha mengine.

Wakati fulani tulikuwa na udhuru. Petroli yetu ilikuwa na risasi, na risasi huyaua masega, hata mtu aliweza kuuliza yana faida gani. Udhuru huo umekwisha. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliacha kuuza petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Tangu hapo, masega yanayotolewa na kuuzwa kwa sababu ya platini, paladi na rodi zilizomo ndani yake ni mali iliyoibwa kifuani mwa jirani. Asemaye kwamba gari limekuwa jepesi baada ya kuyatoa hajawauliza wanaotembea nyuma yake.

Na ni akina nani wanaotembea nyuma yake? Ni watoto wanaokwenda shule kwa miguu kandokando ya barabara kuu, ambao pua zao ziko karibu na kimo cha bomba la ekzosi kuliko pua zetu. Ni askari wa usalama barabarani asimamaye njia panda tangu asubuhi. Ni mama auzaye matunda kituoni. Hawa hawakubadilisha injini yoyote, wala hawakuulizwa. Monoksaidi ya kaboni huingia katika damu ikashika mahali pa oksijeni. Ozoni humfungia kifua mwenye pumu. Mtu aliyekosea kuunga bomba lake hayaoni hayo, kwa kuwa yeye amekaa mbele, na moshi hutokea nyuma.

Ninyi mliomo humu ni watu ambao maneno yenu yanasikika. Mtumishi anayesimamia magari ya idara ndiye atiaye sahihi hati ya malipo ya gereji. Mwalimu mkuu ndiye apokeaye basi la shule baada ya matengenezo. Basi siku injini itakapobadilishwa, msiulize tu kama gari linawaka. Mwulizeni fundi: kompyuta ya injini hii iko wapi, na nyaya zake zimekuja nzima? Thermostati imo? Masega yamefungwa wapi? Kopo la mvuke wa petroli limeunganishwa? Taa ya injini inawaka ufunguo unapofunguliwa, ikazimika injini inaponguruma? Taa isiyowaka kabisa huenda imefichwa, na taa isiyozimika inaomba msaada. Fundi mwema atafurahi kuulizwa, kwani maswali hayo humlinda na lawama za kesho.

Nanyi walimu wa sayansi, hamhitaji maabara ya gharama ili kufundisha jambo hili. Gari moja na karatasi moja ya kipimo cha moshi zatosha kwa somo la kuungua, la joto, la umeme, na la wajibu wa mtu kwa wenziwe. Kijana atakayejua kwa nini ufa mdogo wa bomba huidanganya kompyuta atakuwa fundi bora kuliko yule aliyekariri majina ya vipuri.

Injini huweza kutumika tena katika gari jingine kwa miaka mingi, na kwa watu wa kipato chetu hilo ni jambo jema lisilopasa kukatazwa. Linalotakiwa ni kuihamisha nzima: chuma chake, nyaya zake, kompyuta yake na viungo vinavyousafisha moshi wake. Anayehamisha nusu hulipa mara mbili, na wanaopita nyuma ya gari lake hulipa pamoja naye.